MANENO YA WATU NA NYUMBA YA KANISA

(Mazungumzo ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Hesabu za hisa, mikopo na mgao atazisoma mweka hazina, na zimechapishwa humu kitabuni, kwa hiyo hatutazigusa. Sisi tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo halimo katika daftari la hisa, ingawa ndilo lililotukusanya. Jambo lenyewe ni maneno wanayosemwa watumishi wa Mungu, wake zao na watoto wao, na kule kukataliwa kabisa kunakotokea mara nyingine. Ni jambo la kunong'onezana jikoni. Leo tumeona tuliseme mbele ya wazee wetu.

Mnakumbuka tulivyoanza. Mwaka 2015 tulikuwa akina mama 17, wote wake wa wachungaji na wainjilisti wa huku kwetu Njombe. Wengi hudhani tulianza kwa sababu ya umaskini. Umaskini ulikuwepo, hatukatai. Posho ya mwinjilisti wa kijijini mnaijua, na kuna mwezi haifiki. Lakini siku ile ya kwanza tulipokaa chini ya mparachichi, hakuna aliyezungumza habari za fedha mpaka jua lilipopinda. Kila mmoja alikuwa na lake alilosemwa, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Mke wa mtumishi akivaa kitenge kipya, sadaka imeliwa. Akivaa kilichochakaa, anatia usharika aibu. Akiwa mchangamfu anatafuta makundi, akinyamaza anaringa. Watoto wake wakicheza mpira ni wahuni, wasipocheza wamefundishwa kuwadharau wenzao. Na ile sikukuu ya mavuno, pale mnada wa mazao unapofanyika baada ya ibada! Mwenzetu mmoja alinunua jogoo mnadani kwa fedha aliyopata kwa kuuza sweta alizofuma mwenyewe. Kabla jogoo hajafika nyumbani, habari zilikuwa zimefika: mama mwinjilisti anainunua sadaka kwa fedha ya sadaka. Yule jogoo walimla kwa siri kama wezi.

Mwingine alisemwa miaka miwili kwamba hasalimii watu, anawapita barabarani kama miti. Alilia sana. Mwishowe mmoja wetu akamchukua hospitali akapimwe macho, ikaonekana haoni mbali. Alikuwa akiwapita watu kweli, maana hakujua ni nani. Akapata miwani, na siku ya kwanza alipoingia nayo kanisani wakasema, jamani, sasa ameanza kuvaa miwani ya maringo. Tunacheka leo, na yeye mwenyewe yuko hapa anacheka. Lakini tangu siku hiyo tumejifunza kwamba katika maneno ya watu huenda mna kitu cha kweli ndani, hata kama aliyesema alikisema kwa ubaya. Lile neno lilimpeleka kwa daktari wa macho.

Sasa mtu atauliza, nani asiyesemwa? Mwalimu husemwa, diwani husemwa, mwenye duka husemwa. Ni kweli. Ila mwalimu akisemwa na wazazi, mshahara wake hautoki mikononi mwao. Mwenye duka akikasirikiwa na mteja, atakuja mteja mwingine. Sisi anayetusema jioni ndiye aliyetuletea debe la viazi asubuhi. Nyumba tunayolala ni yake, shamba tunalolima ni lake, na kikao cha kuamua tubaki au tuondoke atakaa yeye. Ndiyo maana neno dogo tu linatukosesha usingizi. Hatulali kwa sababu tunawaza, hivi wakikasirika kweli, tutakwenda wapi na hawa watoto?

Hilo ndilo tuliloligundua sisi wa darasa la saba bila kufundishwa na mtu. Tulianza kwa kuombeana tupate moyo wa uvumilivu, na tunaendelea kuombeana mpaka leo. Lakini tuliona kwamba mama mwenye magunia matano ya viazi vyake mwenyewe na hisa zake sandukuni husikia lawama kwa namna nyingine kabisa. Husikiliza mpaka mwisho. Kama ni ya kweli anaweza kuikubali, maana haogopi. Yule asiye na kitu kila lawama kwake ni barua ya kufukuzwa, hivyo atajitetea hata pale asipopaswa kujitetea, au atainamisha kichwa na kukubali hata uongo.

Kwa hiyo kikundi kikawa na kazi mbili kwa pamoja. Kila Alhamisi tunaponunua hisa, kabla makufuli matatu hayajafunguliwa, tunakuwa na muda wa kupakua. Mwenye neno lililomchoma analileta. Tunaulizana kwanza: aliyesema ni nani, na amekuambia wewe mwenyewe au umeletewa? Maneno ya kuletewa hatuyajadili. Tuliamua hivyo mwaka wa pili, baada ya kuona kwamba mengi ya yale yanayotuumiza hayakusemwa kama yalivyofika. Kisha tunauliza kama lina ukweli, na kama linao, la kufanya ni nini. Na kinachosemwa pale hakitoki. Katiba yetu inatoza faini ya sh. 5,000 kwa atakayekitoa, na faini hiyo imelipwa mara mbili tu katika miaka kumi.

Tulisemwa hata kwa hilo. Wengine walidai tumeanzisha kanisa ndani ya kanisa, tunakutana kuwateta waumini. Wengine wakaiita benki ya kula sadaka. Tulifanya jambo moja. Tuliwaalika wazee wa kanisa waje na mweka hazina wao, tukawafungulia daftari mstari kwa mstari. Baadaye ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tukajisajili halmashauri kama vikundi vingine, na vitabu vyetu vikawa vinakaguliwa. Maneno ya benki yakapungua. Yale ya kuteta yapo hadi leo, na tumeyaacha yalivyo.

Katika muda huo wa kupakua tumesoma sana Hesabu sura ya 12, pale Miriamu na Haruni walipomsema Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi. Tazameni waliomsema. Walikuwa ndugu zake wa tumbo moja, nao ni watumishi wenzake. Musa alinyamaza, Mungu akaingilia, na Miriamu alipopata ukoma Musa ndiye aliyemwombea. Mahubiri mengi yanaishia hapo. Sisi akina mama tulikaa tukauliza juu ya yule mke. Ndiye aliyekuwa sababu ya maneno, yumo hemani, anasikia kila kitu, na Biblia haikutuambia hata jina lake katika sura ile. Hatujui alilia wapi. Tulipomfikia yeye, siku hiyo kikao kilichelewa kufungwa.

Kuna maneno na kuna kukataliwa. Mwenzetu mmoja, mumewe alihamishiwa mtaa ambao wazee wake walikuwa wanamtaka mtu wa kwao. Barua ya kumkataa ilitumwa, lakini barua ya uhamisho ilikuwa imetangulia. Wakafika jioni ya mwezi wa Julai, baridi mnaijua, vitu vikiwa juu ya Fuso, watoto wanne, wakakuta nyumba ya mwinjilisti ina kufuli na mwenye ufunguo amesafiri. Dereva anataka kurudi. Wakashusha vitu uwanjani. Washarika walipita, wakawasalimia, wakaendelea na safari zao.

Aliyewachukua ni mama mmoja Mkatoliki aliyekuwa akiuza ulanzi pembeni mwa barabara. Aliwapa chumba cha nyuma, akawapikia ugali na mboga ya maboga, akawafukuza wanywaji mapema ili watoto walale. Walikaa kwake siku kumi na moja. Na asubuhi ya kwanza, kabla hata mwinjilisti hajanawa uso, mtaa mzima ulikuwa umesema: mwinjilisti mpya analala kilabuni.

Mwenzetu alitupigia simu akilia, anataka warudi. Hatukumwambia avumilie, maana ni rahisi kumwambia hivyo mtu ukiwa umelala kwako. Tulimtumia fedha kutoka mfuko wa jamii kwa njia ya simu, wakalipia chakula pale walipofikia, na baadaye akachukua mkopo akakodi nusu eka akapanda viazi. Siku ya kumi na mbili ufunguo ukapatikana. Walifanya kazi pale miaka minne. Wapo walioomba msamaha, na wapo ambao hawakumsalimia mpaka wanaondoka. Mumewe aliwahi kumwuliza kama wamfuate mmoja wa wale wazee kupatana naye. Walikwenda mara mbili, mara ya tatu wakaacha. Bwana Yesu alipokataliwa kwao Nazareti aliondoka akaenda vijiji vingine, hakukaa mlangoni kuwabembeleza. Yule mama wa ulanzi tumemwalika leo. Amekaa pale mstari wa tatu, na tunaomba asimame mumwone. Asante mama, kaa.

Baba zetu mliopo hapa, tuseme kidogo na ninyi. Mnapotoka kwenye kikao mlichosemwa, baadhi yenu mnaleta kikao chote mezani, watoto wakisikia, majina ya wazee yakitajwa. Kesho yake mtoto huyo anakutana na mzee yule njiani na hamwamkii. Wengine mnanyamaza kabisa, mke anakuja kusikia kisimani kwamba mmekataliwa. Sisi wenyewe hatukubaliani ni lipi bora. Wengi wetu tunapenda kuambiwa, lakini tuambiwe watoto wakishalala.

Na watoto ndio wanaoumia zaidi, maana wao hawakuitwa. Baba aliitwa, mama akakubali kufuatana naye, mtoto amejikuta tu ndani ya nyumba ya kanisa. Yupo binti wa mmoja wetu, na tunamtaja kwa ruhusa yake na ya mama yake, aliyepata mimba akiwa kidato cha tatu. Usiku ule mama yake alikuja kwa miguu mpaka kwa katibu wetu. Kanisani palichafuka. Ule mstari wa barua ya Timotheo, juu ya msimamizi na nyumba yake, ulisomwa na watu ambao hatujawahi kuwaona wakiifungua Biblia. Baba akasimamishwa kuhubiri kwa muda, na binti akafungiwa ndani na haya.

Tulikwenda kukaa naye kwa zamu, wawili wawili, bila mahubiri. Tulimenya viazi. Mama mmoja mzee akamwambia habari za Samweli, kwamba nabii yule alikuwa na wana wawili, Yoeli na Abiya, wakila rushwa, na wazee wa Israeli walimjia wakamtajia wanawe mbele ya uso wake. Ila Samweli akabaki Samweli, na Mungu akaendelea kumtuma. Binti akauliza, na wale watoto je? Mama yule akasema haikuandikwa walivyoishia, kwa hiyo huenda walitubu. Sisi tulitazamana, lakini hatukumkatiza.

Wakati huo huo, Novemba 2021, serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliopata mimba wanaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, na ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo. Kabla ya hapo, mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa shule ya serikali. Alipojifungua tulitoa fedha ya sare na madaftari kutoka mfuko wa jamii, na bibi yake akabaki na mtoto. Alirudi kidato cha tatu akiwa mkubwa kuliko wenzake. Amemaliza. Siku alipoleta matokeo mama yake hakutangaza popote, aliyaleta Alhamisi kwenye muda wa kupakua, akayaweka juu ya sanduku. Tulipiga vigelegele mpaka mwenye nyumba akatoka kutazama kuna nini.

Mwaka 2017, Walutheri duniani kote walipoadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa, tulihudhuria semina moja tukafundishwa habari za Katharina von Bora, mke wa Martin Luther. Jina la mumewe tulilijua tangu kipaimara, lake hatukulijua. Kumbe alikuwa mtawa aliyetoroka katika nyumba ya watawa, akaolewa na Luther mwaka 1525, na Luther naye alikuwa ametoka utawani. Basi, watu walisema! Kulikuwa na uvumi kwamba mtawa akizaa na mtawa, atakayezaliwa ni Mpinga Kristo. Fikirini, akina mama, unachukua mimba yako ya kwanza na nchi nzima inangoja uzae Mpinga Kristo. Mwaka 1526 alizaa mtoto wa kiume kama watoto wengine.

Walipata watoto sita, wakazika wawili: Elisabeth akiwa mchanga na Magdalena akiwa na miaka 13. Nyumba yao pale Wittenberg ilikuwa monasteri ya zamani, yenye vyumba vingi. Katharina akaweka wanafunzi wa kulipia, akafuga ng'ombe na nguruwe, akalima, akapika bia. Hapo kwenye bia tuliangaliana, maana tulimkumbuka mama yetu wa ulanzi. Mume alikuwa mtu wa kugawa, mke ndiye aliyejua kesho watakula nini. Lakini Luther alipofariki mwaka 1546, wosia aliomwachia mkewe ulileta shida, kwa sababu sheria za kwao hazikumpa mjane nafasi kama ile. Halafu vita vikaja, akakimbia na watoto, akarudi akakuta mashamba yameharibiwa. Alifariki mwaka 1552 mjini Torgau, baada ya kuumia akiwa safarini kuikimbia tauni. Tulitoka kwenye semina ile hatuongei. Ikiwa mjane wa Martin Luther alihangaika hivyo, mjane wa mwinjilisti wa kijijini atapona?

Na hakupona. Mwaka uliofuata mume wa mwenzetu mmoja alifariki mwezi wa Februari, mahindi yakiwa yamebeba. Alizikwa vizuri, kwaya tatu ziliimba, rambirambi zilisomwa. Wiki ya tatu ikaja barua kwamba nyumba inahitajika kwa mtumishi mpya, apishe kabla ya mwisho wa Machi. Hatusemi walioandika walikuwa watu wabaya. Nyumba ni ya kanisa, na mtumishi mpya naye ana watoto wa kulala. Lakini miaka 22 mama yule alikuwa amelima shamba la kanisa, akajenga jiko la kanisa, akapanda miti ya kanisa, na hakuwa na kiwanja hata cha kuweka kitanda. Aliondoka na vyombo vyake, mahindi yakabaki yamesimama.

Yalivunwa na familia iliyofuata. Mama wa familia ile naye ni mwanakikundi chetu, na mwezi wa saba alipakia magunia manne kwenye pikipiki, safari mbili, akampelekea mjane kwa dada yake alikokuwa amejibanza. Hakuna aliyemwagiza. Kwa hilo akasemwa mwaka mzima, eti anahamisha mali ya kanisa.

Hapo ndipo tulipoanzisha mfuko wa mabati. Kila mwanachama anaweka sh. 3,000 kwa mwezi mbali na hisa, na kila mwaka tunawanunulia wanachama mabati kwa zamu, tukianza na mwenye tofali zilizokwisha kuchomwa. Kiwanja unatafuta mwenyewe, kwa mkopo wa kikundi ukitaka. Leo tuko 24, na 13 kati yetu wana nyumba zao, ndogo, nyingine za vyumba viwili na hazijapigwa sakafu. Bado tunaishi katika nyumba za kanisa na tunazifagia kama zamani. Ila mama akijua kwamba kuna mlango fulani mahali fulani ambao ufunguo wake uko kwake, anamwamkia mzee aliyemsema kwa moyo mweupe. Tumeyaona haya kwa wenzetu. Yule wa barua ya Machi nyumba yake iliezekwa mwaka 2020, na bado anaimba kwaya katika usharika ule ule.

Sasa tunalo ombi, Ndugu Mgeni Rasmi, nasi tunalileta mbele yako na mbele ya wazee. Mtumishi akifariki, au akiondolewa kwa sababu yoyote, tunaomba mke wake na watoto waruhusiwe kukaa mpaka wavune. Huku kwetu tunapanda Novemba na Desemba, tunavuna Juni na Julai. Kama mtumishi mpya amekwisha kufika, kikundi chetu kiko tayari kuchangia kodi ya chumba cha kumhifadhi kwa miezi hiyo, na akina mama wanne kati yetu wamejitolea vyumba vyao. Na kama haiwezekani mjane abaki ndani, basi mazao aliyopanda kwa jasho lake yaandikwe kuwa ni yake, yawe kwenye karatasi, mwingine asije akasemwa kwa kuyarudisha.

Barua ya ombi hilo imeandikwa na ina sahihi zetu zote 24, na wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Katibu ataikabidhi sasa hivi kabla ya chakula. Nakala yake iko kwa mwenyekiti wa wazee. Chakula ni wali na kuku wa mnadani, walionunuliwa kwa fedha ya kikundi, na risiti tunayo.